Vipimo vya Mwalimu

Kopo la vifungo lilikuwa linalia. Cheke, cheke, cheke. Likanyamaza, kisha likaanza tena. Fundi alidhani ni panya. Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akasikiliza. Ndipo alipoona simu ya mkewe imelala ubavuni mwa kopo, inatetemeka bila kupumzika.

"Mama, simu yako ina homa," alisema.

Mkewe alikuwa anapiga pasi suruali. Mtaani walimwita Sindano, kwa sababu ulimi wake haukupita mahali bila kuacha tundu. Aliweka pasi chini, akaichukua simu akitabasamu. Alisoma kidogo, na tabasamu likafutika.

Mambo yalianza jana jioni. Duka lao la ushonaji lilikuwa na ukurasa kwenye mtandao, na Sindano ndiye aliyeuendesha. Jana mwalimu mmoja, mteja wao wa miaka mingi, aliandika pale kwamba gauni lake jipya linambana kwapani. Hawezi hata kuinua mkono kuandika ubaoni.

Sindano alisoma, damu ikamchemka. Wateja wote wangeyaona maneno hayo! Akafungua daftari la vipimo na kuipiga picha karatasi ya mwalimu. Juu paliandikwa cheo chake na shule yake. Chini palikuwa na kifua, kiuno na nyonga. Akaibandika picha hiyo mtandaoni na kuandika: "Gauni halijabana. Mwili ndio umeumuka. Ushahidi huu hapa." Kisha akalala usingizi wa mshindi.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi. Mamia ya watu walikuwa wamecheka. Wengine walikuwa wameisambaza picha. Na katikati ya vicheko kulikuwa na ujumbe wa dada wa yule mwalimu. Mwalimu aliingia darasani leo akakuta vipimo vyake vimeandikwa ubaoni kwa chaki. Aliweka vitabu mezani, akatoka, akarudi nyumbani. Amesema hafundishi tena.

 Sindano alisema ataifuta picha haraka, halafu atatangaza kwamba ukurasa uliibwa na watu wasiojulikana.

 Fundi aliichukua simu, akaitazama picha kwa jicho la kazi. Akaitazama tena.

"Kifua kipo," alisema polepole. "Kiuno kipo. Kwapa liko wapi?"

Fundi hakuwapima wanawake. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Na kwenye daftari, mahali pa kwapa palikuwa patupu.

"Hukupima," alisema. "Na mimi sikukuuliza. Nilikata kwa kukisia. Gauni linambana kweli."

Sindano alikaa juu ya rundo la vitambaa. Ushahidi alioubandika mbele ya dunia nzima ulikuwa unamtetea mwalimu.

Wakati huo jirani yao, mwanamke mpiga picha, aliingia bila kubisha hodi. Yeye ndiye aliyetunza kurasa za duka la viatu na saluni ya pale mtaani. Naye alikuwa ameiona picha.

"Ifute sasa hivi," alisema.

Sindano akaifuta. Akauliza kama yamekwisha.

"Hayajaisha. Waliokwisha kuihifadhi bado wanayo. Maji yakimwagika hayazoleki, dada yangu. Lakini uliyemlowesha unaweza kumpelekea nguo kavu."

Sindano akaleta tena hadithi ya wezi wa ukurasa. Mpiga picha alimkazia macho.

"Kazi ya fundi ni kuvisha watu. Wewe jana ulimvua mtu hadharani. Ukiongeza uongo, utakuwa umemvua mara mbili."

Kisha akaketi, akaupitia ukurasa wote. Alikuta suti nzuri ya bwana harusi. Chini yake, vijembe vya Sindano kwa wifi yake. Halafu sare za shule, halafu picha ya jino la mtoto lililong'oka.

"Shemeji, mtu anatafuta suti, anakutana na jino," alimwambia fundi. Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

Mpiga picha aliwaeleza taratibu. Ukurasa wa biashara ni mlango wa duka, na mambo ya nyumbani yawe na ukurasa wake mwingine. Mteja akilalamika, mshukuru hapohapo mbele ya watu kwa maneno machache, kisha mfuate kwenye ujumbe wa faragha. Ukiwa na hasira, iweke simu mbali, kwa sababu jibu la kesho halijawahi kumchelewesha mtu. Na siri ya mteja, iwe kipimo au sura yake, haipandi mtandaoni bila ruhusa yake.

Sindano aliandika maneno ya kuomba radhi. Lakini hakuyatuma. Alikunja utepe wa kupimia, akautia mkobani, akaenda mwenyewe kwa mwalimu.

Dada wa mwalimu alifungua mlango nusu, akasimama katikati. Sindano hakumsukuma kwa maneno. Alisema tu kwamba amekuja kukiri. Alisubiri pale kizingitini, jua likimpiga kisogoni, mpaka sauti ikatoka ndani: mwache apite.

Macho ya mwalimu yalikuwa yamevimba. Sindano alimweleza kuhusu kwapa, bila kujitetea. Kisha akamsomea alichoandika, akasema hatakituma bila idhini yake.

Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua simu. Alisoma mpaka mwisho.

"Sentensi ya tatu inatafuta huruma," alisema. "Ifute. Na jina la shule usilitaje tena."

Sindano akafuta. Ilibaki hivi: "Gauni lilibana kwa kosa letu. Hatukumpima mteja sawasawa, kisha tukamdhalilisha. Tunamwomba radhi. Mwenye ile picha, tafadhali aifute, na asimtumie mtu mwingine."

"Tuma," alisema mwalimu.

Si wote walioifuta. Wengi waliifuta. Mwalimu mkuu alizungumza na darasa lile, na Jumatatu mwalimu alisimama tena mbele ya ubao. Sindano alifungua ukurasa wa pili kwa ajili ya familia, na ule wa duka ukabaki na nguo tu.

Wiki mbili baadaye mwalimu aliingia dukani kujaribu gauni lililorekebishwa kwa kipimo kipya cha kwapa. Aliinua mkono juu, akauzungusha. Halikubana. Akajitazama kwenye kioo, akasema kwamba wakitaka wanaweza kumpiga picha, ila uso usionekane.

Sindano hakuichukua simu yake mara moja. Alimsogelea, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, nakuahidi mbele ya mume wangu. Utaiona wewe kwanza. Ukisema ndiyo, itapanda. Ukisema hapana, au ukibadili mawazo hata baada ya mwaka, nitaifuta siku hiyohiyo, na sitakuuliza kwa nini."