Fundo la Sita

Rafiki yangu Sindano ni fundi cherehani, na kutunga uongo hawezi. Ukimpelekea suruali inayokubana, atakuambia usoni kwamba umenenepa. Haya ni yake.

Alikwenda kijiji kimoja cha pwani kupeleka mapazia ya nyumba ya wageni. Alipomaliza kuyatundika, basi la kurudi lilikuwa bado. Mwenye nyumba akamwambia, "Nenda kwanza ukaone pango, kaka. Kila mgeni hulipitia."

Pangoni aliwakuta wageni wanne. Mwongozaji, mama wa makamo, aliwapa kamba moja yenye mafundo matano, kila mtu ashike lake.

"Humo hatuwashi taa, popo watatuvamia," alisema. "Kaka, wewe utakuwa wa mwisho."

Ilikuwa saa saba mchana, lakini baada ya kona ya pili Sindano hakuuona hata mkono wake. Mbele alisikia viatu vya wenzake vikikwaruza mchanga mkavu. Nyuma, mkia wa kamba ukiburuzika. Kisha mkia ukaacha kuburuzika. Zikasikika nyayo tupu, chapa, chapa, kama za mtu aliyetoka majini.

Akadhani ni mgeni aliyechelewa. "Angalia kichwa, ndugu yangu," akamwambia.

Kamba ikavutwa kidogo, mara moja, kama mtu anayeitikia.

Walipotoka juani aligeuka amsalimie. Hapakuwa na mtu. Mwongozaji alikuwa ameikodolea macho kamba. Nyuma ya fundo la Sindano kulikuwa na jingine, limekazwa barabara, linachuruzika maji.