Diski Isiyo na Waya

Haya yalimpata rafiki yetu Séphora, fundi wa radio moja ya Butembo, wakati wa vita. Mchana mmoja alihamisha programu ya montage, ile ya kuhariri vipindi, pamoja na sauti za watu wanaotafuta ndugu zao, kutoka diski iliyochoka hadi diski mpya. Alipomaliza kuing'oa ile ya zamani, risasi zikaanza barabarani. Mwenzake Kitsa akafunga madirisha ya chuma, akazima jenereta. Giza likawafunika. Buti zikasimama mulangoni.

Juu ya meza, kitu kikavuma.

"Zima ile diski, batatusikia," Kitsa akanong'ona.

"Haina waya. Nilishaitoa."

Akaizungushia kitenge, akaikumbatia. Nje, mutu akajaribu kitasa. Kifuani pake, diski ilikuwa ingali inazunguka.