Waliniacha Njia Panda ya Mutoshi

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mjane, nauza unga na samaki wakavu hapa Kolwezi. Niiteni Mama Ntumba, inatosha. Nimesoma mikasa ya wenzangu mara nyingi, nikalia nao, na kila mara nilijiambia kwamba wangu sitauandika kamwe. Leo nauandika kwa sababu juzi mtu aliniambia nimsamehe, na nilishindwa...

Nilizaliwa hapa hapa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kwa gari la moshi kuja kuchimba shaba, na baba yangu akawa fundi wa mashine katika kampuni ileile. Kasai kwenyewe sikuwahi kukuona. Wimbo niliobembelezewa ulikuwa wa Kiswahili, sala niliyofundishwa ilikuwa ya Kiswahili, na mchumba niliyempata alikuwa mwenyeji wa Katanga.

Mchumba huyo aliitwa Donatien. Alikuwa akiongoza korale yetu, kwaya ya vijana kanisani. Alikuwa ameshapiga hodi kwa baba, vinywaji vilikuwa vimenywewa, na harusi ilingoja likizo ziishe tu. Na rafiki yangu wa damu aliitwa Febronia. Tulisuka nywele pamoja tangu utotoni, tukavaa vitenge vya namna moja kila sikukuu. Kama ungeniuliza wakati ule nani atanizika, ningekujibu: Febronia!

Wazo la safari lilitoka kwa Donatien. Mjomba wake alikuwa mwindaji mbali kule upande wa Musumba, na alimsimulia habari za maporomoko yaliyofichwa ndani ya msitu, maji yanayoanguka kwa kishindo hata watu wawili waliosimama bega kwa bega hawasikiani. Donatien alitaka korale yetu iende ikaimbe pale, tuone kama sauti zetu zitayashinda maji. Tulicheka, lakini sote tulitaka kwenda!

Tukaanza kukutana barazani kwa kina Febronia kila Jumapili baada ya misa. Kamio, yaani lori, ya mfanyabiashara mmoja ingetufikisha barabara inapoishia, kisha tungekwenda kwa miguu, kijiji kwa kijiji, mpaka msituni. Tulipanga nani abebe bashe, lile turubai la kulalia chini yake, nani atafute kwinini, chumvi na sabuni kiasi gani tuwapelekee machifu wa njiani ili watupe ruhusa na mtu wa kutuongoza. Mimi nilipewa chakula. Unga wa bukari, ugali wetu, samaki wakavu, mafuta, maharagwe, sufuria zote. Nilikuwa napika vizuri, kila mtu alijua.

Baba hakupenda. Alisema, "Sisi tuliletwa huku kufanya kazi, mwanangu. Hakuna aliyetuleta kutembea." Nilimwona mzee mwoga...

Basi mambo yakageuka. Kazi za mgodi zilikuwa zikianguka, mishahara ikakatika, maduka yakafunga milango. Mtu mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu, na wakubwa wakamtafutia. Redioni, mikutanoni, sokoni, maneno yakawa mamoja: watu wa Kasai wamekula nchi, warudi kwao. Wakatuita bilulu. Yaani wadudu! Sisi tuliozika wazee wetu katika udongo huu!

Hata barazani kwa kina Febronia hewa ilibadilika. Jumapili moja kijana wa sauti ya chini aliuliza, bila kunitazama, kama mizimu ya yale maji itakubali bilulu wayakaribie. Wengine walicheka. Nilimtazama Febronia amkaripie. Naye alikuwa anacheka! Nilimtazama Donatien. Alikuwa anachora njia mchangani kwa kijiti, kama hakusikia.

Aliponisindikiza nyumbani nilimuuliza mbona alinyamaza. Akajibu, "Achana na maneno ya bantu. Mi niko na wee, njo nasema nini tena?" Nilitulia. Mwanamke anayependa hutulizwa na kitu kidogo sana, jamani!

Nikaendelea kuandaa. Mama yangu alinisaidia kukausha samaki, akasaga unga, akauza hata kitenge chake kizuri ili tupate mafuta. Alisema mkwe wake asilale njaa porini.

Wiki ile ya safari nyumba za mtaa wetu zilianza kupigwa mawe, nasi tukadhani yatapita. Febronia akaja mwenyewe, akaketi kitandani pangu, akanishika mkono. Alisema kamio haitaweza kuingia mtaani kwetu, madereva wanaogopa. Nitangulie asubuhi na vyakula hadi njia panda ya Mutoshi, watanipitia.

Kisha akauliza, "Na bazazi yako? Batabakia ku nyumba?"

Nilimjibu ndiyo, wazazi wangu watabaki. Nilidhani anawahurumia! Nilimkumbatia...

Siku yenyewe nilitoka alfajiri nikisukuma baiskeli ya baba, imejaa mizigo mpaka sioni mbele. Mama alinisindikiza hadi kona, akanirekebisha kitambaa kichwani. Nilifika njia panda nikaketi juu ya gunia la unga. Jua lilipanda. Hatimaye nikasikia nyimbo, kisha nikaiona kamio, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto!

Walisimama. Febronia akashuka na vijana wawili. Tukapakia chakula pamoja, nami mwenyewe nikiinua magunia, nikiwaambia wasiweke mafuta juu ya unga. Kilipokwisha chote, nilishika ubao wa nyuma wa kamio nipande. Febronia akaufunga mbele ya uso wangu!

Akasema, "Wee bakia. Ile mayi ni ya benye inchi."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikaita jina la mchumba wangu. Donatien alikuwa ameketi mbele karibu na dereva. Alitoa kichwa dirishani, akaniambia kama mtu anayemfukuza kuku, "Ntumba, rudia ku nyumba. Tutasemezana nikirudia."

Dereva akawasha injini. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kwenda Kasai, kilulu!" Wakaanza kuimba tena. Wimbo ulikuwa wa kumsifu Mungu, wasomaji wangu! Ndimi zilezile!

Nilirudi nikisukuma baiskeli tupu, nikilia kwa sauti barabarani. Nilidhani hayo ndiyo machungu makubwa ya maisha yangu. Nilipokaribia mji nikaanza kukutana na watu wetu: magodoro vichwani, wazee juu ya mikokoteni, mwanamke amebeba mlango. Mlango! Sijui alitaka kuufunga wapi.

Nyumbani kwetu umati ulikuwa umeshapita. Mama alikuwa ameketi chini nje ya ua, kiatu kimoja mguuni. Baba alikuwa na damu sikioni. Na mlangoni, amevaa koti la kazi la baba yangu, alisimama kaka mkubwa wa Febronia. Aliniona, akafunga vifungo taratibu.

Alisema, "Nyumba inapata mwenyewe. Muende."

Sasa mnaelewa kwa nini Febronia aliuliza kama wazazi watabaki?

Nilitaka kumrukia. Baba akanishika. "Usimwangalie huyu. Beba mama yako," alisema.

Tulikwenda stesheni kama wote. Kuanzia kwenye reli hadi ukutani ilikuwa watu tu, wamelala juu ya vitu vyao, wakingoja gari la moshi ambalo hakuna aliyejua litakuja lini. Mvua ilitunyea. Maji ya kunywa yaligombaniwa kwa ngumi, na choo kilikuwa popote. Watoto walianza kuharisha, kisha wakubwa. Kila asubuhi palikuwa na waliofunikwa shuka hadi usoni.

Siku moja msichana mmoja wa korale, aliyekuwa na huruma bado, alituletea mikate. Ndiye aliyeniambia kwamba wamerudi kutoka maporomoko, na kwamba Donatien na Febronia wamerudi wachumba. Mahari ilikuwa inapangwa. Sikulia. Mama alikuwa ameanza kuharisha usiku uliotangulia, na machozi yangu yote nilikuwa nimeyawekea yeye.

Alikufa akiwa ameegemea paja langu, akiomba maji, na mimi kikombe mkononi, tupu... Tulimzika kando ya reli. Hatukuwa na msalaba. Chakula alichokausha kwa mikono yake kililiwa msituni na watu waliojua hayo yatakuja!

Gari lilipofika tulipanda juu ya mabehewa ya mizigo. Kasai walituita Wakatanga, wakacheka Chiluba changu cha kuvunjika. Baba hakumaliza mwaka. Niliolewa na mwanamume mwema, nikamzalia watoto wawili, naye akatangulia. Watu walipoanza kurudi Kolwezi kidogokidogo, nami nikarudi. Ningekwenda wapi kwingine? Hapa ndipo kwetu.

Juzi, basi, mwanamke mnene mwenye mkongojo alisimama mbele ya meza yangu sokoni. Alikuwa Febronia. Aliketi bila kuombwa. Alisema Donatien alimwacha zamani, na yeye sasa anaishi mtaa wa Kasulo kwa mwanawe, ambaye amechimba shimo la kobalti chini ya chumba cha kulala, na usiku hapati usingizi kwa kuogopa nyumba itamezwa. Kisha akasema:

"Ntumba, mi njo nilikuokoa. Nilijua siku yenye batakuya ku mtaa wenu. Nilikutosha ku nyumba, nikakutuma kule ku njia ili basikuue. Unisamehe, mama."

Nilimwambia, "Na mama yangu? Yeye ulimtoa kwenda wapi?"

Aliinamia mkongojo wake, nami nikaendelea:

"Ungenong'ona neno moja tu pale kitandani! Moja! Tungetoka sote usiku ule. Lakini kama tungetoka na vitu vyetu, kaka yako angevaa nini?"

Alianza kulia. Wanawake wenzangu wa sokoni walinisihi nimshike mkono, tumezeeka, Mungu anaona. Nilishindwa. Nilimwomba aondoke mbele ya biashara yangu, na nilimtazama mpaka mkongojo wake ulipopotea kati ya watu. Padri ananiambia niombe moyo mwingine. Naomba. Haujaja.

Wasomaji wangu, hasa ninyi mabinti, sikilizeni. Ubaya hauanzi na mawe. Unaanza na mzaha barazani, na yule anayekupenda akaendelea kuchora mchangani. Siku utakaposikia wamekuita mdudu, na rafiki yako akacheka, usingoje aeleze. Simama hapo hapo. Zima moto wako, funika sufuria yako, rudi nyumbani ukawashike mkono wazazi wako na kuwatoa mapema, wangali na viatu vyote viwili. Na wewe uliye mwenyeji, unayejua siku na saa: usimwokoe mmoja kwa siri ili upate usingizi. Sema! Sema kwa sauti, mlango kwa mlango, hata kama ndugu yako atakuchukia. Mama yangu angekuwa hai kwa neno moja...