Mwizi Aliyefunika Samaki

Pa. Pa. Pa.

Johnson alifumbua macho kungali giza. Kitu kidogo kilikuwa kinapiga plastiki huko uani. Alitega sikio, ndipo akatambua kwamba maporomoko yake ya maji yamenyamaza.

Alitoka na tochi. Bwawa alilolijenga kwa mikono yake kwa miezi mitatu, nyuma ya nyumba yake mtaani Kabeza, lilikuwa limebaki shimo lenye turubai na tope. Jiwe kubwa la ukingoni, lile ambalo maji yaliteremkia, halikuwepo. Pembeni palikuwa na beseni. Ndani yake samaki wake sita walikuwa wanapiga mikia. Juu ya beseni kulikuwa na ungo.

Saa moja asubuhi Inspekta Mugeni alifika. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyekulia Bukoba, mwenye subira ya kutazama kitu kimoja mpaka wengine wachoke.

"Kimeibwa nini?"

"Jiwe, afande."

"Jiwe?"

"Usinicheke. Nilichimba mwenyewe, nikatandika turubai mwenyewe, nikachanganya saruji nikifuata video kwenye simu. Mgongo bado unaniuma."

"Sicheki. Pampu iko wapi?"

"Ipo."

Pampu ilikuwa imechomolewa kwenye umeme, waya umekunjwa vizuri, na yote imewekwa juu ya tofali, mbali na tope. Mugeni alichuchumaa. Hapo uani hakukuwa na kitu cha kuuzika zaidi kuliko pampu hiyo. Mwizi hakuichukua. Tena alikuwa ameitunza.

"Nani ana ufunguo wa geti?"

"Salvator peke yake, zamu wangu, mlinzi wa usiku. Hataki kusema alikuwa wapi. Mhoji, afande. Asipojieleza, leo hii akatafute kazi kwingine."

Salvator alikuwa ameketi karibu na geti, kofia mkononi. Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini, na watoto wake wanne walikula kwa kazi hiyo.

"Uliondoka getini?"

"Niliondoka, afande."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Nusu saa tu."

"Ulikwenda wapi?"

Salvator aliizungusha kofia mkononi.

"Salvator, kunyamaza kutakupotezea kazi."

"Sikuiba. Lakini sitataja mtu. Na hilo jiwe ningelipeleka wapi? Nikalichemshe?"

Mugeni alimtazama. Bega la kulia la koti lake lilikuwa limelowa. Viatu vyake havikuwa na tope la bwawa hata kidogo. Aliyaandika yote mawili, akarudi kwenye beseni.

"Paka ni wengi hapa?"

"Kuliko polisi," alisema Johnson.

"Basi mwizi wako anawajua. Ameng'oa jiwe akijua maji yatakimbia, kwa hiyo kwanza aliwahamisha samaki, halafu akawafunika."

Alipitisha kidole kati ya ukindu wa ungo. Kilitoka na unga mwekundu. Akaunusa.

"Nyumbani kwako mnapepeta mtama?"

"Sisi? Unga wetu ni wa dukani."

"Nionyeshe picha ya jiwe."

Johnson alitoa simu. Lilikuwa jiwe refu, bapa, lenye bonde laini katikati. "Ona lilivyo! Kama limeumbwa kwa ajili ya maji."

Mugeni aliitazama picha kwa muda mrefu. "Ulikulia wapi, mzee?"

"Kampala, mjini kabisa. Kwa nini?"

"Na jiwe ulilipata wapi?"

"Siku ya umuganda, mwezi wa nne. Jirani yetu wa hapo chini, Mama Épiphanie, alikuwa amelazwa hospitali. Tukasema kazi ya jamii ya Jumamosi ile tuifanyie kwake. Tulikuja watu arobaini! Tukafyeka, tukafagia, tukarundika mawe yote barabarani. Hilo nikalibeba mimi."

Alisema kwa fahari, na kweli ile kazi ilistahili fahari.

Kutoka ukingo wa bwawa palikuwa na alama pana ya kuburuta, laini kama ya gunia. Ilipita getini, ikashuka mteremko. Mugeni aliifuata, Johnson na Salvator nyuma yake. Iliishia mlangoni kwa Épiphanie. Hapo palisimama madumu mawili ya maji, bado yanachuruzika. Mugeni aliligeukia bega la Salvator. Salvator akatazama chini.

Bibi alikuwa ameketi mkekani. Jiwe lilikuwa mbele yake, limefutwa likakauka.

"Mwaramutse, mukecuru," Mugeni alimwamkia yule bibi kizee. "Jiwe hili ni la nani?"

"La mama yangu. Baadaye langu. Tumesagia mtama hapo maisha yetu yote. Hilo bonde ni mikono yetu."

Johnson alishika kichwa. "Jiwe la kusagia!"

"Ulilitoa kwake wewe?" aliuliza Mugeni.

"Mimi. Tangu nitoke hospitali, Salvator hunichotea maji kila alfajiri. Leo nilingoja ashuke bombani, nikapita getini alipoacha wazi."

"Lakini Mama, kwa nini hukuniambia?" alisema Johnson. "Ningelileta mwenyewe, kwa toroli!"

Épiphanie alilipapasa jiwe. "Nilirudi nikakuta uwanja wangu unang'aa. Watu arobaini, mimi nikiwa kitandani! Kisha nikaliona jiwe kwako. Ningesemaje? Mtaa mzima ungejua kwamba mmemsaidia mgonjwa na kumtupia kitu cha mama yake. Nani angetoka tena kumfyekea mgonjwa mwingine? Nikaona heri awepo mwizi asiyejulikana kuliko watu wema wenye aibu."

"Na Salvator?" aliuliza Mugeni. "Alikuwa anafukuzwa kazi asubuhi hii."

Bibi alijiziba mdomo. Hakuwa amelijua hilo.

"Niliwaza samaki," alisema polepole. "Sikumwaza mtu." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nifunge, mwanangu. Yeye mwache."

Mugeni alimgeukia Johnson. "Mlalamikaji?"

"Nilalamike nini? Jiwe si langu." Johnson alimshika Salvator begani, pale palipolowa. "Nisamehe, ndugu yangu. Kesho ukienda kuchota maji, niambie. Geti nitashika mimi."

"Utasinzia, bosi."

"Nitasinzia nimesimama, kama wewe."

Salvator alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mugeni akafunga daftari, akaaga.

"Utarudi?" aliuliza Épiphanie.

"Kesi imekwisha, mukecuru."

"Ndiyo maana nakuuliza. Njoo siku ambayo hakuna kesi."