Samaki Hakupita

Kila siku baada ya shule, Saumu alikwenda redioni kumsaidia mjomba wake Sadiki, fundi wa mitambo. Ilikuwa redio ndogo ya mtaa mjini Baraka, na bati la paa lake lilikuwa la moto kiasi kwamba ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wangeanikwa juu yake wangeshuka wenyewe kuomba maji. Kazi ya Saumu, msichana wa miaka kumi na mitatu, ilikuwa matangazo ya familia.

Matangazo hayo yaliandikwa Uvira, mbali kando ya ziwa, katika kompyuta ya redio wenzao. Saumu aliifungua kompyuta hiyo kwa njia ya mtandao akiwa Baraka, na skrini ya kule ikatokea ndani ya skrini ya huku. Alinakili maneno kule, akayabandika huku, mtangazaji akasoma. Vijiji kama Lweba, ambako simu zilishika kwa shida, vilingoja sauti hiyo.

"Kabla ya kazi," mjomba alizoea kumwambia, "andika kule neno samaki. Linakili, libandike huku. Samaki akipita, mlango uko wazi. Asipopita, mashine itakubandikia maneno ya zamani, na haitaona haya. Mtandao ukikatika, rudia samaki."

Jumatano ile mtandao ulikatika katikati ya kazi, kisha ukarudi. Rafiki yake Chérie alichungulia dirishani.

"We Saumu! Kamba ya kuruka inakungoja! Ama umeolewa na hiyo mashine?"

"Nakuja! Imebaki moja tu."

Tangazo lililotangulia lilikuwa la msiba wa familia moja ya Fizi. La mwisho lilikuwa la Mama Godelieve wa Lweba. Saumu aliandika jina la mama huyo kwenye ukurasa, akanakili maneno ya Uvira, akabandika huku, akatoka mbio. Hakujaribu samaki. Hakusoma.

Aliporudi kuzima mashine, tangazo lilikuwa limekwisha kusomwa hewani. Skrini ya Uvira ilikuwa bado wazi: "Mwanao Casimir ameumia kwa ajali ya pikipiki. Yuko hai. Anahitaji damu ya ndugu ili apasuliwe. Njooni leo."

Lakini kwenye ukurasa wa Baraka, chini ya jina la Mama Godelieve, palikuwa na maneno mengine, yale ya msiba wa Fizi: "Mwanao amefariki hospitalini. Njooni kesho kuchukua mwili."

Barabarani ilipita pikipiki iliyobeba akina mama wakilia, vitenge vimekazwa kiunoni, ikielekea Lweba. Hakuna aliyekuwa amemwona akibandika. Angeweza kufuta yote na kusema Uvira ndio waliokosea. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini Lweba watu walikuwa wanatafuta mbao za jeneza, na Uvira mtu alikuwa anaishiwa damu.

"Mjomba," alisema, "mi nimeua muntu kwa redio. Na iko muzima."

Sadiki alisoma skrini zote mbili, akakaa chini. Hakumpiga. Saumu angependa ampige.

"Tutangaze tena," Sadiki alisema.

Émilienne, mtangazaji, alitikisa kichwa. "Kwenye kilio redio inazimwa. Na nani atatuamini? Watasema tunawachezea."

Sadiki alipiga simu Uvira. Mwenzao wa huko alikimbia hospitalini na kinasa sauti, akarekodi sauti ya Casimir, akaiweka kwenye kompyuta.

"Ilete," mjomba alimwambia Saumu. "Mikono iliyoharibu ndiyo itatengeneza."

Saumu alifunga mawasiliano na Uvira, akayafungua upya. Samaki akapita. Akanakili faili ya sauti; mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

"Maneno yanapita, faili hapana," alisema huku akijifuta machozi. "Kwa nini?"

"Usiniulize mi. Tazama mipangilio."

Akatazama. Kisanduku cha kushirikiana maneno yaliyonakiliwa kilikuwa na alama. Cha diski, kinachopitisha faili, kilikuwa kitupu. Akakitia alama, akafunga, akafungua tena. Sasa diski ya Baraka ilionekana ndani ya kompyuta ya Uvira, na sauti ikaanza kuja, polepole kama konokono aliyefiwa. Saumu hakuondoka kitini. Ilipofika, aliisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaiweka kwenye flashi.

Yeye na mjomba wakapanda pikipiki na redio ndogo inayocheza flashi. Uwanja wa Mama Godelieve ulikuwa umejaa watu. Yeye mwenyewe alikuwa chini, hana tena sauti ya kulia. Patrice, kaka yake, alisimama mbele yao.

"Nyie batu ba redio, mumekuja kuhesabu machozi?"

"Papa, si redio," Saumu alisema. "Ni mimi. Nilibandika maneno bila kusoma. Casimir iko muzima."

Akabonyeza.

"Mama, ni mi, Casimir," redio ilisema kwa sauti nyembamba. "Mguu umevunjika, lakini niko. Mulete damu mbio. Na ile mbuzi yangu, mjomba Patrice asiichinje."

Patrice alitazama pembeni. Mbuzi alikuwa tayari chunguni.

Hakuna aliyecheka. Mama Godelieve alisimama bila viatu, na ndugu zake wakadandia pikipiki kuelekea Uvira, gizani, kwa barabara ile mbovu.

Casimir aliishi. Mguu haukuishi. Bila damu madaktari hawakuweza kumpasua mapema, na walipoipata mguu ulikuwa umeharibika, ikabidi waukate.

Baadaye Mama Godelieve alikuja redioni. Saumu alipiga magoti.

"Simama, mutoto wangu. Sitakudanganya. Kila nikisikia magongo ya Casimir, ninakukumbuka, na si kwa kucheka. Lakini ungefuta na kunyamaza, leo ningekuwa ninapalilia kaburi. Habari za watu zina uhai wao ndani. Zisome kwanza, mchezo hauendi popote. Na ukikosea, sema palepale, muntu angali na damu mwilini."

Dirishani Chérie aliita, kamba begani.

"Ngoja," Saumu alijibu. "Samaki bado."

Akaandika neno kule Uvira, akalinakili. Mama Godelieve alibaki amesimama nyuma yake, mpaka akaliona limepita.