Waya Shingoni mwa Bubu

Tulikuwa uani tukichagua kahawa, mimi na Wanja, mke wa mwanangu. Mbivu huku, mbichi kule. Kiwandani hawataki mchanganyiko. Chai ilikuwa jikoni ikichemka. Ndipo harufu mbaya ikatufikia.

"Cucu, kuna kitu kimekufa?" Wanja aliuliza. Huniita cucu, yaani bibi, kama mwanawe Karimi anavyoniita.

Hakikuwa kimekufa. Alikuwa mbwa mwekundu, amelala chini ya miti yetu ya kahawa. Mbavu zilionekana zote. Shingo ilikuwa imelowa usaha, na inzi walimfunika. Tulimjua. Wapangaji wa jirani walipohama walibeba viti, godoro, hata jogoo. Mbwa walimwacha.

Alipotuona alifungua mdomo ili abweke. Sauti haikutoka.

Mwanangu Munyi alitoka ndani na kikombe mkononi.

"Hiyo mbwa ni bubu," alisema. "Na itafia hapa kwetu! Wacha nikaombe oili chafu kwa fundi wa pikipiki."

Huku kwetu Runyenjes, mnyama akiwa na kidonda tunapaka oili chafu, ile nyeusi inayotolewa kwa injini. Baba yake Munyi alipaka ng'ombe. Babu yake pia.

Munyi alirudi na chupa. Wanja akasimama mbele yake.

"Ngoja, baba Karimi. Ednah yuko kwa jirani Gachoki, anadunga ng'ombe sindano. Nimuite."

"Daktari wa ng'ombe aje kwa mbwa ya kuokota? Watu watatucheka."

"Wacheke. Kwani mbwa hasikii uchungu?"

Ednah alikuja na buti zake za matope na sanduku la dawa.

"Nani amemshika?" aliuliza kabla ya kusalimia vizuri.

"Hakuna," nikajibu.

"Asante, cucu. Mbwa usiyemjua usimshike kwa mkono mtupu. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, au mate yake yakigusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama utaugua."

"Na wewe je?" Munyi aliuliza.

"Mimi nimechanjwa." Akavaa glavu. "Na hiyo chupa?"

"Oili. Ya kuua funza."

"Munyi, mbwa hujilamba. Akilamba hiyo, umempa sumu. Tena inaunguza kidonda."

Munyi aliificha chupa nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Ednah alimdunga mbwa sindano ya usingizi. Mbwa alipolala, alikata manyoya ya shingo polepole kwa makasi. Makasi yakagonga kitu kigumu. Kisha akasema, "Munyi, njoo uone."

Ndani ya nyama kulikuwa na waya.

"Alifungwa akiwa mdogo," Ednah alisema. "Yeye akakua. Waya haukukua. Ndio umemkaba koo."

Munyi alitazama sana. Kisha akaenda kuleta koleo bila kuambiwa.

Ednah alikata waya, akautoa. Alitoa funza mmoja mmoja. Aliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, akapaka dawa na kumdunga sindano nyingine.

"Atapona?" niliuliza.

"Akila, atapona. Akae peke yake kibandani, na watoto wasimkaribie mpaka niseme. Mpeni maji safi na uji. Na msimpe Panadol! Dawa ya watu inaweza kuua mbwa."

Siku ya kwanza hakula. Munyi alichungulia kibandani kila saa. Siku ya pili, Wanja alichanganya uji na supu ya mifupa. Mbwa alilamba sahani mpaka ikang'aa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale mlangoni.

Tangu hapo Munyi alivaa glavu kila asubuhi na kuosha kidonda, huku akiimba nyimbo za kwaya. Alinawa mikono kwa sabuni kila alipomaliza. Chupa ya oili alimrudishia fundi. Alinunua mkanda mpana wa shingoni, akaacha nafasi ya vidole viwili, kama Ednah alivyomfundisha. Akampa mbwa jina: Bubu.

Manyoya yalikuwa yameanza kuota tena Ednah aliporudi kumchanja dhidi ya kichaa. Pikipiki yake iliposimama langoni, Bubu aliruka.

"Bwe! Bwe! Bwe!"

Wanja aliangusha ungo wa kahawa.

"Bubu amesema!" Munyi alipiga kelele. "Lakini mbwa wewe, unamfukuza daktari wako?"

Ednah alikuwa bado juu ya pikipiki, anacheka huku anapangusa macho.

"Mwacheni abweke," alisema. "Hiyo ndiyo asante yangu."

Nami nikamwekea chai, kikombe kile kikubwa cha wageni. Bubu alibweka mpaka ikapoa.