Pumzi za Samaki wa Aimé

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na pampu ndogo ya hewa ilikaa kimya juu ya kabati. Lakini saa saba ya mchana, nyumbani kwa Aimé mtaani Songo, mapovu yalianza kupanda ndani ya tangi la kioo, moja baada ya jingine, taratibu, kama ya mtu aliyelala chini ya maji.

Aimé hakuogopa. Alifurahi. Tangu jana alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Mkono ulipokufa ganzi, alitia mrija mdomoni akapuliza hadi macho yakaingia giza. Samaki walikuwa saba, wa rangi ya samawati na manjano. Alikuwa amewapigia mbizi mwenyewe kwenye miamba ya ziwa, akawatunza miaka mitatu. Ninahazwe, mkewe, alimcheka asubuhi hiyo, mtoto akiwa mgongoni.

“Shalom akilia, weye unageukia ukuta. Samaki akipiga muayo, unaruka!”

“Mama Shalom, mutoto iko na mama yake. Hawa wako na nani?”

Adhuhuri, akiwa peke yake, midomo yake ikikaribia kugusa maji, alisema maneno ambayo hakuyapima: “Minye nimechoka. Mwenye iko na pumzi, apulize.”

Ndipo mapovu yalipopanda. Hakuuliza ni nani aliyeitikia. Aliketi akiwatazama samaki wakichangamka, rangi zao zikikolea kuliko siku yoyote.

“Papa Shalom.” Sauti ya Ninahazwe ilitoka chumbani, ndogo sana. “Kuya usikie mutoto.”

Shalom, msichana wa miezi minne, alikuwa macho wazi bila kulia. Kinywani mwake mlitoka harufu ya tope la ziwa. Walimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza kifua mara mbili, akasema mapafu ni safi, kisha akauliza kwa haya kwa nini mtoto ananuka samaki mbichi.

Waliporudi, Aimé aliung'oa mrija majini akautupa sakafuni. Mapovu hayakukoma. Yalipanda kutoka mahali pasipo na kitu, kwenye mchanga mtupu wa tangi, na kila povu lilipoachana na mchanga kifua cha Shalom kilishuka, na lilipopasuka juu kifua kile kilingoja, kikangoja tena, kikainuka pungufu ya mara iliyotangulia, huku samaki saba wakiwa wamejipanga kwenye kioo upande wa mtoto, midomo yao ikifunguka na kufumba kwa pamoja, wakinywa.

Ninahazwe alitoka mbio kumwita Irankunda wa mtaa wa Kavimvira, mwanamke aliyejulikana kwa kufukuza majini na kwa kutomliwaza mtu. Alifika akitafuna karanga. Alilitazama tangi, akacheka kwa pua.

“Nani aliita?”

Aimé akainama.

“Sasa unanyamaza! Kumbe mudomo uko nayo.” Akamsogelea, akashusha sauti. “Ni jini wa ziwa. Hana pumzi yake. Ukimuomba, anakamata ya mutu wa nyumba, anapatia mwingine. Amechagua mwenye hawezi kumukatalia.”

“Tuwauwe samaki?” Ninahazwe alinong'ona.

“Uwa moja, umeuwa mutoto. Pumzi yake iko ndani yao. Wote warudi ziwani wakiwa hai, wote. Moja tu akikufa huku inje, jini hatarudisha kintu.”

Aimé aliwatia samaki katika ndoo, akaibeba kifuani akiyakoroga maji kwa kiganja njia nzima, Irankunda akimfuata nyuma. Ufukweni aliingia ziwani hadi kiunoni, akawaachilia mmojammoja. Mwanamke alihesabu kutoka mchangani na kuyaambia maji maneno ambayo Aimé hakuyaelewa. Wa saba alikuwa jike. Lilipoteleza vidoleni, Aimé aliona kidevu chake kimelegea, ngozi imekunjamana kama mfuko mtupu.

“Saba,” Irankunda akasema. “Imeisha.”

Aimé hakutoka majini. “Mama, ile ya mwisho... Jike za namna hii zinalea batoto mu kinywa. Jana kidevu kilikuwa kimejaa. Hewa ikipunguka, anawatema.”

Irankunda aliacha kutafuna.

“Batoto wako wapi?”

“Mu tangi. Ni wadogo kama punje ya muchele, wanajificha mu muchanga.”

“Kimbia.”

Alikimbia bila viatu, akapita kati ya pikipiki zilizompigia honi, akawagonga watu bila kuomba radhi, na moyoni hakuwa na sala ila hesabu, kwamba maji yale yangetosha saa moja, kwamba wadogo hawahitaji hewa nyingi, kwamba mkewe amechoka na bila shaka ameketi tu na mtoto, ameketi tu, hajagusa kitu, akasukuma lango.

Tangi lilikuwa limefudikizwa ukutani, limesuguliwa, linang'aa juani. Ardhi ya ua ilikuwa imekwisha kunywa maji yote.

Alipiga magoti, akapekua kwa vidole mchanga wa tangi uliomwagwa hapo. Alimpata mmoja, amekauka. Wa pili alinata kidoleni. Wa tano alitikisa shavu mara moja. Aimé akamtemea mate, akamfunika kwa viganja, akampulizia, akampulizia tena, akafungua viganja.

Chumbani Ninahazwe alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi.

“Papa Shalom, umerudi? Ile mayi ya shetani nimemwanga yote, nimesugua mpaka alama zikatoka! Mutoto alipona palepale, akanyonya, akanichekea. Kuya umuone. Amelala muzuri, hata haumusikie akipumua.”